Kusaka habari za Mwanza katika magazeti ya zamani: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wa uandishi wa habari pale Nyegezi, Mwanza, wanakijua kibarua hiki: umepewa kazi ya kuandika juu ya tukio la miaka thelathini iliyopita, na unaambiwa uanze na magazeti. Wapo pia watu wa Ukerewe na Bukoba wanaosaka majina ya ndugu zao waliozama katika ajali za meli ziwani. Wengi hukwama kwa sababu wanaliulizia gazeti kwa jina lisilo lake, au kwa tarehe isiyo yake.

"Nitafutie Daily News ya Februari 1967."

Haipo, na haijawahi kuwapo. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, Daily News ilikuwa haijazaliwa. Dar es Salaam ilikuwa na Standard, gazeti lililoanza mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, ndugu wa East African Standard ya Nairobi. Kando yake lilikuwepo The Nationalist, la TANU. Hayo mawili yaliunganishwa tarehe 26 Aprili 1972, siku ya Muungano, ndipo jina la Daily News likapatikana. Ukienda maktaba na jina moja tu, utaambiwa hakuna kitu, na anayekujibu atakuwa anasema kweli. Uhuru, la Kiswahili, ni gazeti jingine lenye jalada lake.

"Standard lilikuwa la serikali tangu mwanzo, liliandika lililoagizwa."

Hapa watu huchanganya mambo kuliko penginepo pote. Kwa miaka arobaini Standard lilikuwa mali ya watu binafsi, na mwishoni lilikuwa chini ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Enzi za ukoloni lilikuwa gazeti la wazungu. Ukisoma ndani yake habari za mwaka 1958, watu wa Geita walipokuja Mwanza kupinga baraza la mseto la rangi zote (Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja), kumbuka mwenye gazeti alikuwa nani na msomaji wake alikuwa nani. Mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU iliyowagusa maofisa wawili wa kikoloni, mmoja wao wa Musoma, hapahapa ziwani. Alitozwa faini ya pauni 150. Anayetaka kuielewa Kanda ya Ziwa ya mwaka ule asome pande zote mbili, la sivyo atabaki na nusu ya kesi.

Serikali ilitaifisha Standard tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio. Nyerere mwenyewe akachukua cheo cha mhariri mkuu, na kazi ya kila siku akapewa Frene Ginwala, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini. Mwongozo aliouandika Rais uliliruhusu gazeti kukosoa. Ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka: mwaka 1971 tahariri ililaani hatua ya Nimeiry wa Sudan kuwaua viongozi wa kikomunisti, na Ginwala akapoteza kazi. Benjamin Mkapa, aliyetoka The Nationalist, ndiye aliyeiongoza Daily News ilipoanza. Kwa hiyo sauti ya gazeti la 1969, la 1971 na la 1973 si moja, hata kama yamepangwa kwenye rafu moja. Kabla ya kunukuu tahariri, tazama mwaka.

"Nataka gazeti la tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama."

Meli ilizama asubuhi. Gazeti la asubuhi ile lilichapwa usiku uliotangulia. Omba la tarehe 22, na usiishie hapo. Soma wiki nzima, na ikiwezekana mwezi.

Idadi ya siku ya kwanza haiwi idadi ya mwisho. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, taarifa za usiku ule zilitaja waliokufa 44, na siku chache baadaye hesabu ikavuka 220. Hakuna aliyedanganya, miili ilikuwa ingali inaopolewa. Kwa MV Bukoba ugumu ulianzia bandarini: abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa, wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo hesabu hazikubaliani. Mtu anayenukuu toleo moja na kusema "gazeti limesema" amesema kweli juu ya gazeti tu.

"Gazeti kubwa haliwezi kukosea kumbukumbu zake lenyewe."

The New York Times liliruka namba tarehe 7 Februari 1898: kutoka toleo la 14,499 likaingia 15,000. Kosa la matoleo 500 liliendelea kwa zaidi ya karne, likarekebishwa tarehe 1 Januari 2000. Basi nukuu tarehe, usitegemee namba ya toleo.

"Yote yako kwenye intaneti."

Mengi hayapo. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ikikaa juani hugeuka njano na kukatika kama papadi. Unyevu wa ziwani na mchwa humalizia. Baadhi ya magazeti yetu yamesalimika kwa sababu yalipigwa mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye filamu: ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya Nairobi imekusanya magazeti ya ukanda huu tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chumba cha East Africana, cha machapisho ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kabla ya kukata tiketi ya basi, anza na maktaba ya mkoa hapa mjini.

Na yale yaliyoskaniwa, mashine husoma herufi vibaya. Unapotafuta jina, jaribu tahajia zaidi ya moja. Kwa magazeti ya Wajerumani ya Dar es Salaam, mji huu hautaupata kwa Mwanza, andika Muansa.