Jina Kwenye Jezi Si Sifa

Katika kazi yangu ya kushauri taasisi za utalii, nimechoshwa na swali moja: tuilipe klabu gani ya Ulaya ili nchi yetu isifiwe? Ndani yake mna dhana kwamba kuonekana ni kusifiwa.

Mfano ninaotajiwa daima ni Rwanda, ambayo mwaka 2018 iliweka maneno "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kisha ikaingia mikataba na Paris Saint-Germain na Bayern Munich. Sikatai kwamba jina lilifika mbali. Hata hivyo, waasi wa M23, ambao Rwanda inashutumiwa kuwaunga mkono, walipouteka mji wa Goma mashariki mwa Kongo Januari 2025, jina lilelile likawapa wakosoaji mahali pa kushika: Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu hizo akizitaka zivunje mikataba, na kundi la mashabiki wa Arsenal likagawa vitambaa vya kufunika maandishi hayo, vikiwa na maneno "Visit Tottenham", kana kwamba hata mahasimu wao wa jadi ni afadhali. Paris iliongeza mkataba. Arsenal ikatangaza kwamba wake utakoma Juni 2026. La kushangaza, Kongo yenyewe mwaka huohuo ilisaini na Barcelona.

Tangazo huivuta kamera, lakini halichagui kamera itapiga picha gani. Ndiyo maana kila mteja namtaka kwanza aandike habari mbaya kuliko zote inayoweza kuchapishwa kuhusu nchi yake, kisha aniambie ni nani atakayeijibu, na kwa ukweli upi. Wengi hawarudi.

Wapo wanaodai kwamba mbinu hii ya kutafuta sifa kupitia michezo ilibuniwa na matajiri wa nchi za Ghuba. Sivyo. Mussolini wa Italia aliandaa Kombe la Dunia mwaka 1934, Hitler Olimpiki mwaka 1936, na mwaka 1974 Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), aliahidi dola milioni 5 kwa kila mmoja wa mabondia wawili wa Marekani, Ali na Foreman, wapigane Kinshasa. Pambano lilipangwa saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walitazame usiku kwao. Walengwa walijulikana tangu mwanzo.

Kuhusu dhana kwamba medali zinatosha, Kenya ni jibu tosha. Wakimbiaji wake waliijengea jina bila mkataba wa jezi, lakini kesi za dawa za kusisimua misuli zilipozidi, mwaka 2022 serikali ililazimika kuahidi fedha za kupambana nazo ili nchi isifungiwe kushiriki riadha ya kimataifa.