Mwanafunzi wa Tanga na Dunia Iliyomo Mfukoni

Wazazi wanaofika kwetu kwa ushauri huleta shauri moja: mtoto kabadilika. Shikamoo inamtoka kwa shida, anacheka maneno ambayo bibi yake hayaelewi. Hofu hiyo ina msingi, ila tusiseme kwamba dunia imeingia Tanga leo, kwa njia ya simu.

Mkonge wenyewe, zao lililoipa Tanga jina, ni mgeni. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka mbali, ndiyo maana Mmakonde na Mdigo huketi dawati moja. Taarabu ya hapa nayo ilipokea gitaa la umeme, mashairi yakabaki na vina vyake vya Kiswahili. Waliolipokea walikuwa vijana, na walijua wanachokichukua.

Simu haimpi mwanafunzi nafasi hiyo ya kuchagua. Wala haimletei dunia nzima. Humletea kinachofanana na kilichomshika jana, kwa kuwa wenye programu hulipwa na watangazaji, na kadiri anavyokaa ndivyo wanavyopata. Binti akitazama video tatu za krimu za kung'arisha ngozi, ya nne haitafuti, inamjia. Baada ya muda anaanza kuiona ngozi yake kuwa kasoro, na hakumbuki ni lini alikubali hivyo.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko mavazi na mitindo ya nywele. Watoto wengi husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo hugeuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali hunyamaza. Wenzake humwona mzito, naye huamini, kumbe kilichokosekana ni msamiati. Akiona haya kusema Kidigo au Kisambaa mbele ya rafiki zake, ujue keshajifunza kupima watu kwa lugha. Kiingereza tunakihitaji, haya hiyo hatuihitaji, na huanzia nyumbani, pale tunapomsifu mtoto kwa kuongea kizungu tu.

Kumnyang'anya simu humfundisha kuificha. Mimi huwaomba wazazi waketi naye jioni, watazame pamoja anachokipenda, wamuulize: hapa nani analipwa? Kwa nini video hii imekujia wewe? Halafu nao wamwekee taarabu iliyopigwa kwenye harusi yao, wamfafanulie mafumbo yake, na wamwache aulize.