Kura zilizolala nyumbani: chama kinaposhindwa, kinakosea wapi hesabu

Ukitaka kujifunza namna chama kinavyoanguka na kuinuka, nenda Ghana. Tangu mwaka 2000 vyama viwili, NDC na NPP, vinapokezana Ikulu, na kila kimoja kimeshaonja shubiri ya kushindwa kisha kikarudi. Na kila mara, siku chache baada ya tarehe 7 Desemba, siku ya uchaguzi, wakereketwa wa upande ulioangushwa huanza kusema maneno yale yale ambayo hata kwetu husikika kwenye kijiwe chochote cha kahawa. Mengi ya maneno hayo hayana ukweli.

Dhana: "Watu wetu wametuhama, wameenda kwa wenzetu"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopoteza vyama fedha nyingi, kwa sababu chama kinachoiamini kinaanza kujipendekeza kwa watu ambao hawatakipigia kura hata siku moja.

Tuangalie hesabu. Mwaka 2012 John Mahama wa NDC alipata kura zaidi ya milioni 5.5, akashinda. Mwaka 2016, akiwa rais aliye madarakani, alipata kama milioni 4.77, yaani alipoteza takriban laki nane. Mpinzani wake, Nana Akufo-Addo wa NPP, aliongeza kama laki tano, tena katika daftari la wapiga kura ambalo lilikuwa limenenepa kwa majina mapya. Waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi karibu asilimia 70. Takwimu kama hizi hazikuonyeshi mtu mmoja mmoja: wapo waliohama kweli, wapo waliofariki, wapo vijana waliopiga kura mara ya kwanza. Lakini ukubwa wa pengo unasema kwamba wengi wa NDC hawakuhamia popote. Walibaki nyumbani.

Kwa nini? Waghana wana neno, dumsor, linalotokana na Kiakan, zima na washa. Ni mgawo wa umeme uliowatesa kwa miaka kadhaa chini ya Mahama. Mama mwenye friji ya samaki sokoni hahitaji mchambuzi wa siasa kumweleza hali. Akifungua friji asubuhi, harufu inamtosha. Juu ya hapo, Machi 2015, akizungumza na Waghana waishio Botswana kuhusu migomo na maandamano, Mahama alisema amekuwa kama mbuzi aliyekwisha kufa, ambaye hata ukimtishia kisu hashtuki. Alitaka kusema kwamba ameshazoea vitisho vya kila aina. Waliokuwa wanalalamika wakasikia kwamba rais hasikii tena. Msemo huo ulimwandama hadi kwenye sanduku la kura.

Sasa mchukue mtu wa mkoa wa Volta, ngome ya NDC tangu zamani. Kutia alama kwa NPP ni jambo zito kwake, karibu na kuikana familia. Kulala mpaka saa nne siku ya uchaguzi hakumgharimu kitu.

Mwaka 2024 jamvi likageuzwa. Mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 54 mwezi Desemba 2022, nchi ikashindwa kulipa madeni ya nje, na serikali ya NPP ikawabana hata wastaafu waliokuwa na hatifungani zake. Februari 2023 jaji mkuu mstaafu, Sophia Akuffo, alikwenda kukaa na wastaafu wenzake nje ya Wizara ya Fedha kupinga. Ukiona jaji mkuu wa zamani yuko barazani na mabango, ujue mambo yameharibika. Uchaguzi ulipofika, Mahama alipata kama milioni 6.6, nyongeza ya karibu laki nne tu juu ya kura zake za 2020. NPP ilishuka kutoka milioni 6.7 hadi chini ya milioni 4.9. Safari hii waliolala ni wa upande ule.

Uingereza ilitoa mfano wa kushangaza zaidi mwaka huo huo. Chama cha Labour kilishindwa vibaya mwaka 2019 kikiwa na kura kama milioni 10.3 na viti 202. Mwaka 2024 kilipata kura pungufu, kama milioni 9.7, kikajizolea viti zaidi ya 400. Wahafidhina walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya kura zao, nyingine zikienda kwa chama cha Reform, nyingine zisionekane kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chama kilichoshindwa iko kwenye matawi yake yenyewe. NDC walilijua hilo mapema. Januari 2017 waliunda kamati ya watu 13 chini ya Kwesi Botchwey, waziri wa fedha wa zamani (na mtu aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa wanaopenda kujua), ikazunguka mikoani kusikiliza wanachama wa chini wakitoa ya moyoni. Ripoti yenyewe makada waliikalia, haikutolewa hadharani yote, na mimi naona walikosea hapo. Lakini kule kuzunguka tu kulikuwa dawa. Mtu aliyenuna akisikilizwa, hasira hupungua hata kabla hujamtimizia lolote.

Dhana: "Bila sura mpya hatutoki"

Hili linasemwa kila mahali, na Ghana inalikanusha mara tatu mfululizo. John Atta Mills alishindwa 2000 na 2004, akashinda 2008. Akufo-Addo alishindwa 2008 na 2012, akashinda 2016. Mahama alishindwa 2016 na 2020, akarudi 2024. Zambia nako Hakainde Hichilema aliingia Ikulu mwaka 2021 akigombea kwa mara ya sita.

Hata ahadi si lazima iwe mpya. Elimu ya sekondari bila malipo ilinadiwa na Akufo-Addo mwaka 2012 ikakataliwa. Aliinadi tena 2016, ikapokelewa, na mwaka uliofuata ikaanza.

Kilichobadilika NDC kilikuwa chini ya mgombea. Desemba 2022 wanachama walimchagua Johnson Asiedu Nketia, katibu mkuu wao wa miaka mingi, kuwa mwenyekiti, wakamwangusha mwenyekiti aliyekuwepo. Mwezi uliofuata chama kilimwondoa kiongozi wake bungeni, Haruna Iddrisu, kikamweka Cassiel Ato Forson, mtu wa mambo ya fedha, wakati ambapo vita vyote vilikuwa vya uchumi. Uamuzi huo ulizua kelele kubwa ndani ya chama. Sidhani kama kuna mageuzi ya chama yasiyo na kelele.

Dhana: "Tumeshindwa tena, tumekwisha"

Matokeo ya 2020 yalisomwa kama kipigo cha pili kwa NDC. Bungeni hadithi ilikuwa nyingine: kutoka viti 106 walifika 137, sawasawa na NPP, na Spika akatoka kwao. Anayetazama kiti cha rais peke yake anaweza kuzika chama kilicho hai.

Dhana: "Tuliibiwa, basi"

Wizi wa kura upo, na sitamwambia mtu aliyeibiwa anyamaze. Tatizo linakuja pale madai ya wizi yanapochukua nafasi ya kazi. NPP walikwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya 2012, kesi ikarushwa kwenye televisheni kwa miezi, na nchi nzima ikajua maana ya karatasi ya waridi, fomu ya matokeo ya kila kituo. Wakashindwa Agosti 2013. Lakini walitoka wakijua kwamba wakala wa kituoni, yule kijana anayepewa posho na chupa ya maji, ndiye anayebeba chama. NDC nao walishindwa mahakamani Machi 2021, nao wakarudi kujenga mfumo wao wa kujumlisha kura. Mwaka 2024 hesabu za vyama vyenyewe zilienda haraka kiasi kwamba Mahamudu Bawumia wa NPP alimpigia Mahama simu ya pongezi asubuhi ya tarehe 8 Desemba, kabla tume haijatangaza mshindi.

Dhana: "Tungoje waharibu, kura zitarudi zenyewe"

Serikali mpya kwa kawaida huharibu. Swali ni nani atakuwepo mlangoni siku hiyo. KANU ya Kenya ilitawala tangu uhuru mpaka Desemba 2002, Uhuru Kenyatta alipopata kama asilimia 31 dhidi ya 62 za Mwai Kibaki. Miezi michache baadaye hata jengo la KICC, lililokuwa makao yake makuu, lilichukuliwa. Kisha bahati ikabisha hodi mapema ajabu: muungano wa Kibaki ukapasuka, na katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 KANU ilikuwa upande wa chungwa, alama ya waliosema hapana, upande ulioshinda.

Chungwa hilo likazaa chama cha ODM. William Ruto akalifuata. Uhuru naye, aliyekuwa kiongozi rasmi wa upinzani, mwaka 2007 akaacha kugombea, akamuunga mkono Kibaki. Hasira ya wananchi ilikuwepo, kura zilikuwepo, lakini jogoo, alama ya KANU, hakuwika. Mwaka 2013 Uhuru aliingia Ikulu kupitia chama kipya cha TNA, na Ruto akiwa naibu wake kupitia chama chake cha URP. Wote wawili mwaka 2002 walisimama jukwaa moja la KANU.