Mshono mbichi na mbwa mlangoni

Wagonjwa wanaokaribia kuruhusiwa kutoka wodi ya upasuaji huniuliza swali ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo tunayowapa: "Na mbwa je?" Hapa Mwanza nyumba nyingi za milimani zina mbwa wa ulinzi, na ndugu huwa wameshatoa jibu kabla yangu: apelekwe kijijini hadi mgonjwa apone.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu niliambiwa hivyohivyo. Mdogo wangu alikuja amejiandaa kabisa kumchukua mbwa wangu, Bosi. "Dada, siku hizi tunavuka daraja la Kigongo–Busisi tu, jioni yuko Sengerema." Nilikataa, na ningekataa tena leo.

Watu wengi huogopa uchafu wa mbwa. Hofu hiyo ina msingi, nitaifikia. Kinachonitia wasiwasi zaidi mimi ni mvuto wa ghafla. Mbwa wa kilo 20 akivuta mnyororo, misuli ya tumbo lako hukaza kabla hujawaza lolote, na mzigo wote unaangukia kwenye mshono. Wiki mbili zikipita ngozi imefunga, nyuzi zimetolewa, mgonjwa anajiona mzima. Ndani bado. Kidonda cha wiki tatu kina kama sehemu moja tu ya tano ya uimara wa mwanzo, na hata baada ya miezi mitatu hufikia takriban asilimia 80. Ndiyo maana tunakukataza kubeba ndoo ya maji kwa wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, kutegemea upasuaji wenyewe. Mnyororo wa mbwa uweke kundi moja na ndoo. Mimi nauona mbaya zaidi, kwa sababu ndoo inakusubiri ujiandae.

Usiku nao una hatari yake, na hii watu hawaifikirii. Bosi hufunguliwa saa nne usiku. Siku ya tatu tangu nirudi nyumbani, saa nane usiku, alibweka kwa ukali upande wa mawe nyuma ya nyumba. Niliinuka kama nilivyozoea, kichwa na kifua mbele, na maumivu yakanikata pumzi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika tumbo, naogopa kuangalia bandeji. Haikuwa na damu, namshukuru Mungu.

Njia sahihi ni hii. Kunja magoti, geuka ubavu, mabega na nyonga vikizunguka pamoja kama gogo. Shusha miguu nje ya kitanda, na hapohapo jisukume kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu ikishuka unasaidia kuinua kifua, tumbo linapumzika. Zoezi hili lifanye mchana, mara nyingi, hadi mwili ulizoee, maana usiku mbwa akibweka hutapata nafasi ya kukumbuka hatua. Tena mkubaliane mapema nani atakayekwenda kuchungulia dirishani. Asiwe mgonjwa.

Siku ya kurudi kutoka hospitali, usimkute mbwa ukiwa umesimama. Amekukosa siku kadhaa, atakurukia kwa furaha, na miguu yake ya mbele itatua palepale kwenye mshono. Ingia kwanza, kaa kwenye kiti chenye mgongo, weka mto tumboni, ndipo mtu mwingine amlete akiwa kwenye mnyororo. Zungumza naye, mpapase kichwa, mwache anuse mikono yako. Mto huohuo utaukumbatia ukikohoa au kupiga chafya. Sahani yake iwekwe juu ya kigoda ili usiiname, na sufuria la ugali wake na dagaa abebe mwingine.

Sasa uchafu. Kuna wagonjwa wanaoniambia mate ya mbwa yanaponya, na wananikumbusha Lazaro aliyelambwa vidonda. Lazaro alikuwa masikini aliyetelekezwa getini; hakuna aliyemwandikia mbwa kama dawa. Kinywa cha mbwa mwenye afya nzuri kina bakteria wanaoweza kuingia kwenye kidonda na kukifanya kitunge usaha. Kwa hiyo mshono ufunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji, na mbwa asipande kitandani na kupe wake na viroboto. Akirudi ametoka kuoga ziwani akajikung'utia karibu nawe, bandeji iliyolowa ibadilishwe, usiiache ikaukie mwilini. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Ukiona wekundu unaotanuka, joto, usaha au homa, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa nini basi nilimng'ang'ania Bosi? Kwa sababu mgonjwa wa upasuaji anatakiwa atembee. Kulala muda mrefu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na mapafu hayajai vizuri. Nimewabembeleza wagonjwa wengi watembee kidogo kila baada ya saa chache, wakaitikia, wakajifunika shuka. Bosi alikuwa anakuja mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na kunitazama. Nilikuwa nainuka. Wiki ya kwanza tulizunguka nyumba tu, yeye akiwa huru mbele yangu. Wiki ya tatu tulifika barabarani, mwanangu akishika mnyororo.

Wiki ya saba, baada ya daktari kunikagua, niliushika mwenyewe. Tuliteremka taratibu hadi karibu na mwalo, ambako wanaanika dagaa. Harufu ilipoanza kumfikia, kabla hajavuta, nilimrudishia mwanangu mnyororo.