Familia mpya ya fidla: ala nane, sauti ya ukoo mmoja

Familia mpya ya fidla, au okteti ya fidla, ni seti ya ala nane za nyuzi zinazopigwa kwa upinde, zilizobuniwa Marekani na Carleen Hutchins na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndogo kuliko zote ina kiwiliwili cha sentimita 28 na ushee. Kubwa kuliko zote husimama kwa zaidi ya mita mbili. Ukiziona zimepangwa jukwaani, ni rahisi kudhani kwamba mtu alichukua fidla moja akaikuza na kuipunguza mara kadhaa. Sivyo ilivyokuwa, na ili kuelewa kwa nini sivyo, inabidi kwanza tuitazame familia tuliyoizoea.

Okestra ya kawaida ina fidla, viola, selo na besi. Kwa macho hawa ni ndugu wa tumbo moja: kiuno kilekile, matundu mawili ya sauti yenye umbo la f, shingo inayoishia kwa mzingo. Lakini sauti zao hazijakaa kindugu kama sura zao. Fidla peke yake ndiyo yenye kiwiliwili kinacholingana na nyuzi zake. Wengine watatu wamekuwa wakivaa miili midogo kuliko sauti wanazotakiwa kutoa.

Kila sanduku la namna hii lina mivumo miwili mikuu, yaani noti mbili ambazo hulifanya litetemeke kwa nguvu kuliko noti nyingine. Mvumo wa kwanza ni wa hewa iliyo ndani. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, chupa hutoa noti moja tu, ile inayolingana na hewa iliyomo. Sanduku la fidla na matundu yake mawili hufuata kanuni hiyohiyo. Mvumo wa pili ni wa mbao zenyewe zikitetema pamoja. Noti inayopigwa karibu na mmojawapo wa mivumo hiyo hutoka ikiwa imeshiba. Inayopigwa mbali nao hukonda, hata mpigaji awe stadi namna gani.

Katika fidla nzuri mvumo wa hewa hukaa karibu na uzi wa D, wenye mitetemo ipatayo 294 kwa sekunde, na mvumo wa mbao hukaa karibu na uzi wa A, wenye mitetemo 440. Hizo ndizo nyuzi mbili za katikati. Ina maana kwamba uwanja wote wa noti za chini na za kati unapata mhimili, na nadhani hapo ndipo nguvu ya fidla ilipo kuliko hata varnishi ambayo watu wameiandikia ngano kwa karne nyingi.

Sasa chukua viola. Nyuzi zake zimeshushwa mpaka mitetemo yake ni theluthi mbili ya ile ya fidla. Kiwiliwili cha fidla kina sentimita 35 na nusu hivi, kwa hiyo cha viola kingepaswa kuwa mara moja na nusu, yaani kama sentimita 53. Lakini viola hushikwa chini ya kidevu, na mkono wa binadamu una mwisho wake, kwa hiyo viola nyingi huishia sentimita 40 hadi 43. Selo nayo iko chini ya fidla kiasi kwamba mitetemo yake ni theluthi moja. Ingehitaji kiwiliwili cha zaidi ya mita moja, nayo ina sentimita 75 hivi. Matokeo yake ni kwamba katika viola na selo mivumo mikuu imepanda juu ya nyuzi za katikati, na uzi wa chini kabisa wa viola hubaki bila msaada wa sanduku. Ule ukungu kidogo unaousikia viola inaposhuka, ule unaowafanya watu waseme viola ina huzuni, chanzo chake kimojawapo ni hicho.

Sisemi kwamba sauti hiyo ni mbaya. Watunzi wakubwa wameipenda na wameitungia. Ila si sauti ya fidla iliyoshushwa. Ni sauti nyingine kabisa, na hilo ndilo lililomsumbua Henry Brant, mtunzi aliyekuwa akifundisha Bennington College huko Vermont. Brant alitaka ala zinazoanzia chini kabisa hadi juu kabisa, kila moja ikitenganishwa na inayofuata kwa takriban nusu ya oktavu (oktavu ni umbali kati ya noti na ile yenye mitetemo maradufu), zote zikiwa na nguvu na uwazi wa fidla. Wazo la kuwa na familia nzima ya ala za umbo moja, kubwa kwa ndogo, halikuwa geni: Michael Praetorius alikwisha kuchora familia za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1619. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitengeneza kwa vipimo badala ya kubahatisha.

Hutchins alifaa kwa kazi hiyo kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Alizaliwa mwaka 1911, akawa mwalimu wa sayansi, akapiga viola, na baadaye akaanza kuchonga ala mwenyewe nyumbani kwake Montclair, New Jersey. Alifanya kazi na Frederick Saunders, mwanafizikia wa Harvard aliyekuwa akichunguza sauti za fidla, akimtengenezea ala za majaribio ambazo hakuna fundi mwingine angekubali zikatwekatwe. Kati ya ala hizo za uchunguzi ipo fidla moja ambayo baadaye aliitoboa matundu 65 mbavuni, yaani kwenye kuta za pembeni za sanduku, kila tundu likiwa na kizibo chake, ili aweze kufungua moja baada ya jingine na kupima jinsi mvumo wa hewa unavyohama. Aliiita Le Gruyère, jina la jibini. Mwaka 1963 yeye, Saunders, John Schelleng na Robert Fryxell walianzisha Catgut Acoustical Society, chama cha watu wa sayansi na mafundi waliopenda kujua fidla hufanyaje kazi.

Schelleng alikuwa mhandisi aliyefanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, na ndiye aliyetoa hesabu za kukuza na kupunguza. Ugumu wake ni huu: ukikuza kila kitu kwa uwiano uleule, ala kubwa hazibebeki. Nyuzi za katikati za besi kubwa ziko chini ya zile za fidla kwa karibu mara sita, na kiwiliwili mara sita ya fidla kingepita mita mbili kabla hujaweka shingo. Hesabu ya Schelleng ilionyesha kwamba mvumo wa mbao unaweza kushushwa bila kurefusha ala kiasi hicho, kwa kubadilisha unene wa mbao, na kwamba mvumo wa hewa unarekebishika kwa kimo cha mbavu na ukubwa wa matundu ya sauti. Ukipunguza kimo cha mbavu, hewa ya ndani inapungua na mvumo wake unapanda, ukikiongeza, unashuka. Ndiyo maana ala kubwa kuliko zote katika okteti ina kiwiliwili cha sentimita 130 tu, kama mara tatu na nusu ya fidla. Okteti, basi, si picha moja iliyokuzwa. Kila ala imepewa vipimo vyake ili mivumo yake miwili ikae pale inapokaa katika fidla, kwenye nyuzi mbili za katikati.

Jinsi hilo linavyofanyika mezani kwa fundi ni jambo la kupendeza. Kabla ala haijaunganishwa, ubao wa juu, ambao huchongwa kutoka mti wa sprusi, na ubao wa nyuma, ambao huchongwa kutoka mti wa mepo, huwa vipande viwili huru. Hutchins aliuweka ubao mlalo juu ya spika, akaunyunyizia chembechembe zinazometameta, kisha akapandisha taratibu mlio wa spika. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu, kwenye noti fulani, chembe zinaanza kurukaruka, zinakimbia sehemu zinazotetema na kujipanga kwenye mistari iliyotulia. Noti moja huchora kitu kama X. Nyingine, ya juu zaidi, huchora duara refu linalofuata ukingo wa ubao. Duara likikatika au likivutwa upande mmoja, fundi anajua ni wapi ubao umebaki mnene. Anakwangua kidogo, anaurudisha juu ya spika, anatazama tena. Hutchins alipenda X na duara zipishane kwa oktavu moja kamili. Njia ya kuchora sauti kwa chembe ilitokana na Ernst Chladni, Mjerumani aliyetumia mchanga juu ya mabamba katika karne ya 18, lakini kuifanya kuwa zana ya kila siku ya mchonga fidla ni kazi ya mama huyu.

Baadhi ya ala walizianzia kwenye kazi ya mtu mwingine. Fred Dautrich, fundi wa Torrington, Connecticut, alikuwa ametengeneza ala za saizi zisizo za kawaida katika miaka ya 1920, na kazi yake ilikuja kuwasaidia Hutchins na Schelleng miongo kadhaa baadaye.

Juu kabisa yupo trebo, iliyo oktavu nzima juu ya fidla. Huyu ndiye aliyewatoa jasho. Uzi wake wa juu unatakiwa kutetema mara 1,319 kwa sekunde, na ukiukaza uzi wa kawaida wa chuma hadi hapo unakatika. Kuupunguza unene hakusaidii, maana uzi mwembamba huhitaji mkazo mdogo lakini pia huvumilia mkazo mdogo kwa kiwango hichohicho. Kinachobaki ni kufupisha uzi au kutafuta chuma kingine, na wao walifanya yote mawili: ala fupi sana, na uzi wa chuma cha kaboni chenye nguvu isiyo ya kawaida. Hata hivyo hewa ya ndani ilikuwa nzito kwa noti za juu hivyo, wakatoboa matundu madogo mbavuni ili mvumo wake upande.

Soprano inafuata, oktavu juu ya viola. Meso ina nyuzi zilezile za fidla lakini kiwiliwili kikubwa kidogo, sentimita 38, ili isimezwe na wenzake. Alto ina nyuzi za viola katika kiwiliwili cha sentimita 51 hivi, na kwa urefu huo kidevu hakiwezi tena. Husimamishwa wima kama selo ndogo. Tenori imekaa oktavu chini ya fidla, ikijaza pengo kati ya viola na selo ambalo karne za nyuma lilikuwa na ala zake na baadaye likaachwa wazi. Baritoni ni selo iliyopewa mwili wake, sentimita 86. Mwisho ni besi ndogo na besi kubwa.

Zikipigwa pamoja, tofauti kubwa ni katika ulinganifu. Kwa kawaida wimbo ukishuka kutoka fidla hadi selo hubadilisha rangi kila unapopokewa, na masikio yetu yamezoea mpaka hayaoni tena. Katika okteti wimbo huo unashuka kutoka trebo hadi besi ukiwa na rangi moja, na sauti za kati, ambazo mara nyingi hufunikwa, zinasikika sawa na za pembeni. Kwa muziki wa sauti nyingi zinazofukuzana hii ni neema. Kwa muziki ambao mtunzi aliutegemeza kwenye tofauti za viola na selo, kitu kinapotea, na sioni haya kukiri kwamba wanaolitetea hilo wana hoja. Okteti haiwezi kuwa mbadala wa okestra tuliyo nayo, wala haina sababu ya kuwa hivyo.

Onyesho la kwanza la ala zote nane lilifanyika New York mwaka 1965, na Brant alitunga kipande kwa ajili yake. Hutchins aliendelea kuchonga mpaka uzeeni, akaacha ala zaidi ya 400, kati yake okteti kamili kadhaa. Akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 98. Mojawapo ya okteti hizo iko Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Nyingine inapigwa na Hutchins Consort, kundi la California lililoanzishwa na Joe McNalley, ambalo huupangia upya muziki wa zama mbalimbali ili ukae kwenye sauti nane.

Lakini ala mpya hutafuta mikono, na mikono imekwisha kufundishwa. Mpiga viola anayetaka alto hana budi kujifunza upya kukaa, kushika upinde na kunyoosha vidole. Njia nyepesi imekuwa ni kwa wapiga selo kushuka hadi alto, kama alivyofanya mpiga selo Yo-Yo Ma, aliyerekodi konseto ya viola ya Bartók kwa alto ya Hutchins, akiwa ameisimamisha kati ya magoti, pamoja na okestra ya Baltimore. Uzi wa C, ule wa chini kabisa, katika rekodi hiyo unatoka mpana na wazi, bila ule ukungu wa viola, na orodha ya muziki uliotungwa moja kwa moja kwa ajili ya ala hizi bado ni fupi mno kwa uzi wa namna hiyo.