Anwani ya ndani: namba inayoifanya ruta mpya igome

Umetoka Kariakoo na ruta yako kwenye mfuko, umeichomeka kwenye kile kiboksi cha faiba kilichofungwa ukutani sebuleni, taa zimewaka. Simu imekamata waifai mpya, nguvu imejaa. WhatsApp inazunguka tu. Hapo wengi humlaumu muuzaji, na wapo wanaopanda daladala kurudi dukani kugombana. Mara nyingi ruta ni nzima kabisa. Kinachosumbua ni anwani ya ndani.

Kila kinachotumia waifai ya nyumbani, iwe simu, televisheni au kompyuta, hupewa namba yake, mathalani 192.168.1.7. Hiyo ndiyo anwani ya ndani, na haivuki mlango wa nyumba yako. Anwani za IP, yaani namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao, za mtindo huu wa namba nne ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na miaka ya 1990 wataalamu waliona zitakwisha, wakatenga mafungu ambayo yeyote anaweza kuyatumia kwake bila kuomba ruhusa. Zote zinazoanza na 192.168 zimo humo. Ndiyo maana wewe wa Sinza na shemeji yako wa Mbagala mnaweza kuwa na namba ileile wala msigongane.

Anayegawa namba hizo ni ruta, na ugawaji wenyewe unaitwa DHCP. Simu ikiingia kwenye waifai huuliza: nani anagawa hapa? Ruta hujibu kwa kuipa namba na kuionyesha lango, yaani kifaa cha kupitia ili kufika kwenye intaneti. Kwa kawaida lango ni ruta yenyewe. Igeuze uone stika chini yake: mara nyingi imeandikwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na neno la siri la kuanzia.

Sasa, kile kiboksi cha faiba mara nyingi nacho ni ruta. Nacho kinagawa. Umeingiza mgawaji wa pili nyumbani bila kumwondoa wa kwanza, na kinachofuata kinategemea umechomeka waya tundu gani.

Ukichomeka kwenye tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti kutoka nje, ambalo aghalabu lina rangi tofauti na mengine, ruta mpya inapokea namba kutoka kwenye kiboksi, kisha inagawa zake upande wa pili. Ni utaratibu mzuri, ila kama vyote viwili vinatumia 192.168.1, ruta inachanganyikiwa. Ni sawa na kumwambia bodaboda akupeleke nyumba namba 12 Mtaa wa Mwembeni, wakati mbele yake kuna Mtaa wa Mwembeni kulia na mwingine kushoto. Baadhi ya ruta hugundua zenyewe na kubadili namba. Nyingine hukaa kimya, nawe unabaki unazima na kuwasha.

Ukichomeka kwenye tundu la LAN, yaani la kuunganishia vifaa vya ndani, kituko chake ni kibaya zaidi kwa sababu kinakuja na kuondoka. Simu ya dada inafungua video, televisheni imekwama. Kesho yake ni kinyume. Wagawaji wawili wanajibu swali moja, anayewahi ndiye anayesikilizwa. Aliyepewa lango la kiboksi anapata intaneti. Aliyepewa lango la ruta mpya anapelekwa kwenye mlango usio na njia nyuma yake. Nimeona fundi akibadilisha waya mara tatu kwa tatizo hili, na waya haukuwa na kosa lolote.

Kujua uko wapi, fungua mipangilio ya waifai kwenye simu, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tazama anwani ya IP na lango. Linganisha simu mbili, inayopata na isiyopata. Malango yakitofautiana, umeshapata jibu. Kompyuta ya Windows ikionyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake haikujibiwa na mgawaji yeyote ikajipachika namba yenyewe. Hapo ndipo pa kukagua waya.

Kama unataka ruta mpya isaidie tu kufikisha waifai chumba cha nyuma, zima DHCP yake, ibadilishie namba isifanane na ya kiboksi, uichomeke kwenye LAN. Zipo zenye kitufe cha kuigeuza iwe kisambaza waifai tu, na hiyo ndiyo njia ningemshauri mtu yeyote asiyependa kuhangaika. Kama unataka ijitegemee, tumia WAN, kisha ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, kwa kuandika namba ya kwenye stika kwenye kivinjari, ubadili anwani ya ndani iwe 192.168.2.1.

Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa utakatika papo hapo. Usikimbilie kile kitundu cha kuirudisha kiwandani. Ruta imehamia namba uliyoipa. Zima waifai ya simu, iwashe tena ichukue anwani mpya, kisha andika 192.168.2.1 kwenye kivinjari.