Baklashi: kwa nini CNC ya kujitengenezea inachonga duara lenye kasoro

Baklashi ni kiasi ambacho skrubu inayosogeza meza ya mashine inazunguka bila meza hiyo kusogea pale mwendo unapogeuzwa. Ndiyo ile mafundi wanayoiita plei. Aliyewahi kuendesha Haisi kuukuu anaifahamu: unakata usukani kulia, halafu unaurudisha kushoto, na kuna nafasi hapo katikati ambapo mikono inafanya kazi na matairi hayana habari.

Kwenye karakana za Nyakato, Mwanza, milingi ya mkono (nazungumzia ya kuchonga chuma, si ya kusaga mahindi) inaweza kuwa na plei hiyo miaka na miaka na kazi ikatoka safi. Fundi anaijua mashine yake. Kila tundu analifuata kutoka upande uleule, akipitiliza anarudi nyuma sana kisha anakuja upya taratibu. Shida inaanza siku anapong'oa mikono ya kuzungushia na kufunga mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) ili igeuke CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kama skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.025. Plei ikiwa milimita 0.25, hatua kumi za kwanza baada ya kugeuza zinaishia hewani, na kompyuta inazihesabu zote kuwa ni mwendo. Mota hizi kwa kawaida hazina kitu cha kuangalia meza iko wapi kweli.

Chukua flenji (sahani ya kuungia kwa bolti) ya pampu ya kuvuta maji ziwani, matundu mawili yenye nafasi ya milimita 60. La kwanza mashine imelifikia ikitoka kulia, la pili imeliendea kwa kugeuza. Pima kwa vernia: 59.75. Bolti zinagoma. Kwenye duara kasoro inajitokeza sehemu nne, kwa sababu ni hapo ndipo mhimili mmoja (njia moja ya mwendo, mfano kulia na kushoto) unapogeuza mwelekeo: utaona sehemu bapa au kijiukingo kidogo, na ukipitisha kucha inakwama.

Kupima kunahitaji dayo geji (kipimo chenye uso kama wa saa) inayosoma milimita 0.01 na kishikio cha sumaku. Sumaku unaikalisha kwenye kichwa cha mashine, ncha ya geji unaigusisha kwenye kipande cha chuma kilichobanwa mezani, ncha hiyo ikiwa imekwishabonyezwa kiasi. Sogeza meza kuelekea geji milimita moja au mbili ili plei yote iliwe upande mmoja. Weka sifuri. Sasa rudisha nyuma kwa amri za milimita 0.01, moja moja, ukihesabu mpaka mshale utikisike. Zikipita 23 mshale umetulia tu, baklashi yako ni takriban milimita 0.23. Rudia katikati ya meza na karibu na ncha zote mbili, maana skrubu ya mashine iliyotumika huliwa zaidi katikati, ambako kazi nyingi hufanyika.

Namba hiyo haisemi plei inatoka wapi, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Nati inaweza kuwa imelika. Lakini pia beringi za mwisho wa skrubu zinaweza kuwa zimelegea, skrubu nzima ikawa inakwenda mbele na nyuma. Ili kujua, paka grisi kwenye tundu la senta la ncha ya skrubu, bandika gololi ndogo ya beringi, na ugusishe geji juu ya gololi hiyo. Kisha sukuma na kuvuta meza kwa mkono. Mshale ukitembea, nati unaionea bure: kaza beringi, au weka beringi mbili za pembe (angular contact) zinazokabiliana na uzibane moja dhidi ya nyingine. Kagua pia kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, na skrubu zake ndogo za kubana. Gibu, kile kipande cha kubana meza kwenye reli, kikilegea meza inapinda kidogo pembeni na geji inakusomea kitu kinachofanana na baklashi ya skrubu.

Ikibaki nati, dawa ya bei nafuu ni kutumia nati mbili za bronzi kwenye skrubu moja, zinazosukumana kwa springi au kwa bolti ya kurekebisha, ili kila moja ikalie upande wake wa uzi. Fundi kerezo mzuri anakuchongea. Usizikaze hadi plei iishe pale katikati palipolika, kwani zikifika pembeni, ambako uzi bado ni mnene, meza itakwama na mota itaruka hatua.

Programu nazo zina lao. LinuxCNC na Mach3 zinakuruhusu kuandika kiasi cha baklashi kwa kila mhimili, kisha zinaongeza mwendo huo kila inapogeuzwa. Grbl ya asili haina kipengele hicho. Mimi naiona kama nyongeza ya mwisho, baada ya kazi ya spana. Programu inasahihisha mahali meza ilipo, haiishikilii ikae hapo. Ukichonga kwa mtindo ambao meno ya kisu yanavuta kazi kuelekea yanakozunguka, kisu kitaivuta meza ndani ya ile plei, kitang'ata zaidi ya ulivyopanga, na kisu chembamba kinavunjika. Mashine yenye plei ichonge kwa kwenda kinyume na mvuto wa kisu.

Suluhisho la heshima ni skrubu ya gololi, ambayo gololi zake huzunguka kati ya uzi na nati. Hata za bei ya chini, plei yake huwa ndogo sana kuliko ya nati iliyolika. Ila kwenye mhimili wa juu na chini kuwa mwangalifu: skrubu ya kawaida hujizuia yenyewe kwa msuguano, ya gololi inateleza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota inaachia na kichwa kizito kinashuka chenyewe pamoja na kisu juu ya kazi. Funga mota yenye breki, au uzito wa kukisawazisha, kabla hujaiwasha mara ya kwanza.